Flying Tiger Line: miaka 44 ya kutafuta mzigo wa kurudi

Abiria akienda hurudi. Kaenda harusini, kaenda mkutanoni, kaenda likizo, baada ya siku kadhaa utamkuta tena foleni na begi lake. Mzigo haurudi. Zabibu zikifika Atlanta zinaliwa Atlanta. Mashine ikifika kiwandani inafungwa kwa nati sakafuni na ndiyo mwisho wa safari yake. Kinachorudi ni ndege, nayo hurudi ikinywa mafuta karibu yaleyale na marubani wakilipwa uleule mshahara, iwe imejaa hadi darini au imebeba hewa.

Historia ya Flying Tiger Line, kampuni ya Marekani iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa kubeba mizigo kwa ndege, husimuliwa zaidi kwa meno ya papa yaliyochorwa kwenye ndege za kivita na ujasiri wa marubani wake. Inasisimua, sikatai. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini ilinunua ndege ilizonunua, kwa nini ilijifunga na jeshi miaka yote ile, na kwa nini mwaka 1989 jina lilifutwa kwenye mikia ya ndege, uliza swali moja tu kila mara: hii ndege imerudi na nini?

Mwanzilishi ni Robert W. Prescott, aliyekuwa rubani wa American Volunteer Group, kikosi cha Wamarekani wa kujitolea kilichopigana angani China na Burma mwaka 1941 na 1942 chini ya Claire Chennault. Hao ndio waliobatizwa Flying Tigers. Juni 1945 Prescott na wenzake kadhaa wa kikosi kile walianzisha National Skyway Freight Corporation huko California. Marubani na jamaa zao walichanga dola 89,000, na mfanyabiashara wa mafuta Samuel B. Mosher pamoja na washirika wake wakaweka kiasi hichohicho. Jina la Flying Tiger Line lilikuja baadaye kidogo, kampuni ilipokwisha kupata pumzi.

Ndege zao za kwanza zilikuwa 14 aina ya Budd Conestoga, za ziada kutoka Jeshi la Majini la Marekani, kwa takriban dola 28,600 kila moja. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu Conestoga ni ndege ya ajabu. Budd walikuwa watengenezaji wa mabehewa ya treni, na utaalamu wao ulikuwa kuchomelea chuma kisichoshika kutu. Wakati wa vita watu walihofia alumini ingeadimika, ndipo Budd wakaunda ndege ya mizigo kwa chuma hicho. Umbo lake liko mbele ya wakati wake: chumba cha marubani kiko juu, chini yake kuna ukumbi wa mizigo wenye upana na kimo cha kama mita 2.4 usiozibwa na kitu, na nyuma mlango unateremka hadi chini kama daraja ili gari lipande lenyewe. Ndege nyingi za mizigo za kijeshi zilizofuata zilishika mpango huohuo.

Shida ilikuwa uzito. Chuma ni kizito kuliko alumini, na injini zake mbili za Pratt & Whitney, zenye nguvu za farasi 1,200 kila moja, zilikuwa za darasa lilelile la injini za C-47, ndege ya mizigo ya kijeshi iliyoenea wakati huo. Matokeo yake, ndege ilibeba kiasi kilichozidi kile cha C-47 lakini ikala mafuta kwa wingi na kupanda kwa shida. Uhaba wa alumini nao haukutokea, jeshi likapunguza oda, na zilizotengenezwa hazikuzidi 20. Kwa jeshi zilikuwa mzigo wa kuondolewa ghalani. Kwa vijana wenye mtaji mdogo zilikuwa ndege pekee walizoweza kumudu. Hata hivyo waliziacha upesi na kuhamia C-47, kisha C-54 na C-46, maana ndege ambayo zipo 20 tu duniani haina vipuri. Kifaa kikivunjika, unakitoa kwenye ndege nyingine yako, na kila ukifanya hivyo kundi linapungua.

Miongoni mwa mizigo ya mwanzo kabisa ilikuwa zabibu za Bakersfield, California, zilizopelekwa Atlanta. Biashara nzuri kwa kwenda: tunda linaoza, bei sokoni ni kubwa, mteja yuko tayari kulipa. Lakini zabibu zina msimu, na Atlanta haikuwa na tunda la kurudisha California. Kwa hiyo kampuni ikaokota chochote kilichopatikana upande wa mashariki, nguo, samani, vipuri, kwa bei yoyote iliyozidi gharama ya kuruka. Ndivyo wabeba mizigo wote wanavyofanya: mzigo wa kwenda hulipa safari, wa kurudi hulipa mafuta. Ubaya wake ni kwamba mzigo wako wa kurudi ni mzigo wa kwenda wa mwenzako anayetoka upande ule, na ukiushushia bei unamkata yeye shingo. Naye atalipiza. Vita ya bei kati ya kampuni ndogo za mizigo na mashirika makubwa ya abiria kama American Airlines ilifika mahali ambapo Bodi ya Usafiri wa Anga wa Kiraia ya Marekani ililazimika mwaka 1948 kuweka bei ya chini ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivuka.

Mwaka 1949 bodi hiyohiyo ilitoa vibali vya kwanza vya njia za ndani zenye ratiba kwa ndege zinazobeba mizigo tu. Flying Tiger ilipata njia namba 100, kutoka pwani ya California hadi miji ya kaskazini-mashariki. Mshindani wake wa karibu, Slick Airways, alipata njia ya kusini yake. Kibali kilikuwa heshima, lakini pia kilikuwa pingu. Ratiba inamaanisha ndege inaondoka Jumanne saa fulani hata kama ghalani kuna masanduku manne. Slick alisimamisha huduma ya ratiba na kuirudia, kisha akaiacha kabisa katikati ya miaka ya 1960. Flying Tiger ilipona kwa sababu ilikuwa na mguu wa pili: jeshi.

Mikataba ya kukodishwa na jeshi ilianza mapema, ndege zikivuka Pasifiki hadi Tokyo mara baada ya Vita vya Pili. Ikafuata Korea, kisha Vietnam. Uzuri wa mkataba wa jeshi ni kwamba mara nyingi hulipia safari ya ndege nzima badala ya kilo zilizomo, na kurudi tupu kumehesabiwa ndani ya bei. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mwaka 1957 kampuni ya mizigo ilianza kupokea Lockheed L-1049H Super Constellation, ndege inayobadilika: toa viti, weka mizigo, toa mizigo, weka viti zaidi ya mia. Wanajeshi na familia zao kwenda, masanduku kurudi, au kinyume chake.

Tatizo la Super Constellation lilikuwa injini zake, Wright R-3350. Zilikuwa nne, kila moja ina silinda 18 zilizopangwa duara mbili. Moshi wa kutoka ulipitishwa kwenye tabo tatu ndogo, yaani magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na moshi, na tabo hizo ziliunganishwa na mhimili mkuu wa injini kwa kiungo cha mafuta, zikirudisha takriban nguvu za farasi 150 kila moja. Farasi 450 kutoka kwenye moshi ambao ungetupwa! Kwenye karatasi ni akili nyingi. Kwenye injini ni sehemu nyingine tatu zinazozunguka kwa kasi kubwa ndani ya moto, karibu na mirija ya mafuta. Ziliitwa tabo za kurudisha nguvu; mafundi wa enzi hizo walizigeuza jina wakaziita tabo za kurudisha vipuri.

Mwaka 1962 ndio mwaka mbaya kuliko yote. Machi, Super Constellation ya safari ya 739, iliyokodiwa na jeshi kutoka Travis, California, hadi Saigon, ilipotea kati ya Guam na Ufilipino ikiwa na watu 107. Hakikupatikana hata kipande. Siku hiyohiyo nyingine ya aina ileile ilianguka Adak, Alaska, na mtu mmoja akafa.

Kisha Septemba 23, safari ya 923 kutoka Gander, Kanada, kwenda Frankfurt, watu 76 ndani. Hii ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwa karibu, maana haikusababishwa na kifaa kimoja. Karibu saa tatu baada ya kuruka, injini namba 3 ilishika moto. Hatua za dharura zinajulikana: punguza nguvu, laza mapanga ya propela yawe sambamba na upepo yasizuie mwendo, funga vali ya ukuta wa moto inayokata mafuta kwenda injini ile, achia kizimamoto. Mhandisi wa ndege alipofika hatua ya vali, alifunga ya injini namba 1 badala ya namba 3. Namba 1, iliyokuwa nzima kabisa, ilianza kuzunguka kupita kiwango, ikabidi nayo izimwe, na haikuweza kuwashwa tena. Sasa zimebaki mbili kati ya nne, usiku, katikati ya Atlantiki. Namba 2 ilibebeshwa kazi ya ziada hadi ikashindwa, na rubani John Murray akatua juu ya mawimbi mamia ya kilomita magharibi mwa Ireland. Watu 51 walijikuta kwenye boya moja la mpira lililotengenezwa kwa watu 25, tena lilikuwa limepinduka, taa zake ziko chini majini. Meli ya mizigo ya Uswisi, Celerina, iliwaokota. Walionusurika ni 48.

Somo la vali lile halijazeeka. Leo katika ndege nyingi, swichi au kishikio cha kuzima injini hakiguswi na mtu mmoja peke yake: mmoja anaweka mkono, anataja namba kwa sauti, mwenzake anatazama na kuthibitisha, ndipo kinavutwa. Inachukua sekunde mbili.

Injini za pistoni zilikuwa zinaondoka hata hivyo. Mwaka 1961 zilikuja Canadair CL-44, ndege iliyotokana na Bristol Britannia ya Uingereza, yenye injini nne za Rolls-Royce Tyne zinazozungusha propela kwa tabo. Kilichoifanya ipendwe ni mkia: unafunguka wote kama mlango, ukikunjwa kando kwa bawaba, na mwili wa ndege unabaki wazi kama bomba. Mlango wa ubavuni una adhabu yake. Kila kitu kinaingia kwa kukata kona, kwa hiyo urefu wa mzigo unapangwa na upana wa mlango na upana wa ndege. Bomba refu la mita 12 halikati kona. Kwa mkia uliofunguka linaingia moja kwa moja. Mimi naona CL-44 ndiyo ndege ya kwanza ya kampuni hii iliyobuniwa na mtu aliyewahi kupakia mzigo. Kasoro yake ilikuwa kuzaliwa wakati mbaya, ndege za jeti zikiwa tayari angani.

Boeing 707 za mizigo zilipokewa 1965. Moja wapo, ikiwa imewekewa matangi ya mafuta ya ziada ndani, ilikodiwa Novemba mwaka huo kuzunguka dunia kupitia ncha zote mbili, kaskazini na kusini, ikatumia saa 62 na dakika 27. Sifa nzuri kwa magazeti. Ndege iliyojenga kampuni ni nyingine: DC-8-63F, kuanzia 1968.

Hii ilikuwa jeti yenye mwili mrefu, paleti 18 (mabati bapa yanayopangiwa mzigo) kwenye sitaha kuu, na mzigo wa zaidi ya tani 45. Paleti inaingia mlango wa kushoto mbele, inatua juu ya sakafu ya gololi ambapo watu wanaweza kuigeuza kwa mikono, kisha inasukumwa nyuma juu ya roli hadi mahali pake, na kufuli za sakafu zinainuliwa kuibana. Kufuli ndilo jambo la kukagua kwa macho na kwa mguu, moja moja. Likiachwa limelala, paleti ya tani tatu inaweza kuteleza nyuma pua inapoinuka, na uzito ukihamia mkiani wakati wa kuruka, rubani hana usukani wa kutosha kuirudisha pua chini.

Mwaka 1969 Flying Tiger ilipata kibali cha ratiba kuvuka Pasifiki: Japani, Korea, Taiwan, Hong Kong, Ufilipino na nchi nyingine za Asia. Hapa swali la mzigo wa kurudi lilipata jibu ambalo Prescott asingeweza kulipanga. Vita ya Vietnam ilikuwa inapeleka mizigo magharibi kwa wingi, na ndege zilikuwa zinarudi karibu tupu. Wakati uleule viwanda vya Japani, na baadaye Taiwan, Korea na Hong Kong, vilikuwa vimeanza kutoa redio, televisheni, vikokotoo na nguo kwa soko la Marekani. Bidhaa nyepesi, ghali kwa kilo, zenye haraka. Ndege zilizokuwa zinarudi tupu sasa zikarudi zimejaa, na mwelekeo wa biashara ukageuka: kufikia katikati ya miaka ya 1970 safari ya kutoka Asia ndiyo iliyolipa, na ya kwenda ndiyo ikawa ya kuombea. Ng'ombe wa mbegu, farasi wa mashindano, mitambo ya mafuta, chochote. Mgonjwa yuleyule, kageuka upande wa pili wa kitanda.

Njia ya Alaska nayo ni hesabu ya uzito. Ukitaka kutoka Tokyo hadi Los Angeles bila kutua, unajaza mafuta mengi, na kila tani ya mafuta ni tani ya mzigo iliyobaki ghalani. Ukitua Anchorage, unabeba mafuta ya nusu safari na mzigo kamili. Abiria angelalamika kuamshwa saa tisa usiku Alaska. Televisheni hailalamiki, na njia fupi zaidi kati ya Japani na Marekani inapita kaskazini huko, kwa hiyo kituo hicho hakikukupotezea kilomita nyingi.

Kwa asiyewahi kuona paleti ikijengwa, kazi yenyewe iko hivi. Bati la alumini la sentimita 244 kwa 318 linawekwa juu ya stendi, si chini kwenye saruji, maana likipinda halitapita kwenye roli. Unatandika nailoni kubwa ya kufunika. Masanduku mazito chini, yakibebana kama matofali, kiungo cha safu moja kikifunikwa na sanduku la safu inayofuata. Kitu kizito chenye miguu myembamba, kama mashine, kinawekewa mbao chini ili uzito usitoboe sakafu ya ndege. Juu unafuata kipimo cha fremu chenye umbo la ndani ya ndege, kwa sababu ukuta wa ndege unapinda na sanduku moja lililotokeza pembeni juu linatosha kuzuia paleti nzima mlangoni. Nailoni inafungwa, wavu unatupwa na kukazwa kwenye vijishimo vya ukingo, kisha mzani. Kikomo cha paleti hiyo ni kilo 6,804, pamoja na bati na wavu wake.

Kikomo hicho hukifikii mara nyingi, na hiyo ndiyo hesabu inayowachanganya wageni. Paleti iliyojengwa hadi karibu mita 3 ina kama mita 20 za ujazo. Ukijaza nguo au redio ndani ya maboksi yenye povu, mzani utasoma tani mbili au tatu, na nafasi imekwisha. Ndege imejaa huku ikiwa nyepesi. Ndiyo sababu biashara ya mizigo ya ndege ilikuja kuhesabu mita 1 ya ujazo kama kilo 167 hata mzani ukisema 90: unalipia nafasi uliyoiziba. Fundi wa kupanga mizigo hutafuta jozi, vyuma vichache chini na nguo nyingi juu, ili uzito na nafasi viishe pamoja. Hapo ndipo faida ya safari inapopatikana.

Boeing 747 zilianza kufika mwaka 1974, kwanza zile zilizobadilishwa kutoka za abiria zenye mlango wa ubavuni, baadaye 747-200F mpya zenye pua inayoinuka. Tani 100 kwa safari. Mlango wa pua ulipokea vitu virefu, lakini kimo chake kinabanwa na chumba cha marubani kilicho juu yake, kama mita 2.4 tu; paleti ndefu za mita 3 lazima zipite ubavuni. Pia una mtego wake. Paleti zinazoingia kwa pua zinakwenda nyuma kwanza, kwa hiyo kabla mbele hakujajaa, uzito wote uko nyuma ya magurudumu makuu. Gurudumu la pua linaanza kunyanyuka taratibu, na usipokuwa makini ndege ya mamilioni ya dola inakaa kitako. Dawa: pakia tumbo la mbele mapema, weka nguzo chini ya mkia, na mtu mmoja aangalie fimbo ya gurudumu la pua inavyorefuka. Wakati wa kushusha ni kinyume, nyuma ndiyo ianze kupungua.

Kubwa zaidi, 747 ilikuza swali letu la mwanzo. Kurudi tupu na C-47 ni hasara ya tani tatu. Kurudi tupu na 747 ni hasara ya tani 100.

Mashirika ya abiria nayo yalikuwa yamenunua 747 na DC-10 zao, kila moja ikiwa na tumbo linalomeza tani 15 hivi za mizigo chini ya miguu ya abiria. Ndege hizo zinarudi kwa hali yoyote, kwa sababu abiria wanarudi. Mwenye ndege ya namna hiyo anaweza kuuza tumbo kwa bei yoyote inayozidi sifuri na bado akafurahi. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyemjeruhi Flying Tiger zaidi, kuliko vyama vya wafanyakazi na kuliko bei ya mafuta, ingawa hivyo viwili ndivyo vinavyotajwa sana.

Mwaka 1977 Marekani ilifungua soko la mizigo ya ndege: vibali vya njia za ndani na bei zilizopangwa vikaondoka. Prescott alikufa Machi 1978. Oktoba 1, 1980 kampuni ilimeza Seaboard World Airlines, mkongwe wa njia za Atlantiki, ikawa mbeba mizigo mkubwa kuliko wote duniani. Ununuzi huo ulionekana wa busara, Pasifiki yako na Atlantiki ya mwenzako, dunia nzima mkononi. Lakini Atlantiki ndiko matumbo ya abiria yalikojaa zaidi, na uchumi ulikuwa unadorora. Kampuni mama, Tiger International, ilikuwa pia imejitwisha ukodishaji wa mabehewa ya reli na kampuni ya malori, vyote vikidai fedha wakati mmoja. Nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 ilikuwa hasara juu ya hasara. Stephen Wolf alipochukua uongozi 1986 alikata gharama, wafanyakazi wakakubali kupunguziwa malipo, na faida ikarudi 1987. Mwisho wa mwaka huo alikwenda kuongoza shirika la abiria la United.

Kumbe sheria ya 1977 ilikuwa imemfungulia mlango mtu mwingine. Federal Express (FedEx) ilianza Aprili 17, 1973 huko Memphis na ndege 14 ndogo za Falcon, idadi ileile ya Conestoga za Prescott, na usiku wa kwanza ilibeba vifurushi 186. Kabla ya 1977 ililazimika kubaki na ndege ndogo. Baada yake ikanunua Boeing 727. Na mfumo wake ulilikwepa swali la mzigo wa kurudi kwa namna ambayo Flying Tiger haikuwahi kuiweza: kila usiku ndege zote zinakuja Memphis zikiwa na vifurushi, zinabadilishana, zinarudi zilikotoka na vifurushi vingine. Kila safari ni kwenda na kila safari ni kurudi. Tena mteja ni yule mwenye kifurushi, anayechukuliwa mlangoni kwake. Flying Tiger ilibeba kutoka uwanja hadi uwanja, na wateja wake wakubwa walikuwa mawakala wa mizigo, watu wanaojua bei ya kila mtu.

Kilichokosekana kwa FedEx ni haki za kutua ng'ambo. Haki hizo hupatikana kwa mikataba ya serikali, baada ya miaka ya kusubiri, au kwa kumnunua aliye nazo. Desemba 1988 ilitangaza kuinunua Flying Tiger kwa takriban dola milioni 880.

Miezi miwili baadaye, Februari 19, 1989, safari ya 66 ilikuwa inakuja Kuala Lumpur kutoka Singapore, 747 yenye watu wanne. Mwongoza ndege aliwaruhusu kushuka "mbili nne sifuri sifuri", yaani futi 2,400. Kwa Kiingereza neno la "mbili" (two) na neno la "hadi" (to) hutamkwa sawasawa. Marubani walisikia "shuka hadi nne sifuri sifuri", wakajibu "nne sifuri sifuri", na jibu lile halikusahihishwa. Walishuka kuelekea futi 400. Kifaa cha kuonya juu ya ardhi kilipiga kelele zaidi ya mara moja bila kutiiwa, na ndege ikagonga kilima kama kilomita 12 kutoka uwanjani. Wote wanne walikufa. Ajali hii bado inafundishwa kwa mambo mawili: taja kimo kwa maelfu na mamia badala ya kusoma tarakimu, na onyo la ardhi likilia, kwanza pandisha ndege, maswali baadaye.

Agosti 7, 1989 shughuli za Flying Tiger ziliunganishwa na za FedEx. Orodha ya ukongwe ya marubani ikawa ugomvi, kama inavyokuwa kila kampuni mbili zikiungana, kwa kuwa namba yako kwenye orodha ndiyo inayoamua ndege utakayorusha na likizo utakayopata. Baadhi ya mawakala walihamisha mizigo yao, maana sasa walikuwa wanamlipa mshindani wao. Haki za Asia, hasa Japani, ndizo zilizobaki kuwa mali yenye thamani. FedEx ilizijengea mtandao wake wa huko, na mwaka 1995 ikafungua kituo cha Asia Subic Bay, Ufilipino.

Zile 747 zenyewe hazikukaa. FedEx iliagiza MD-11, ndogo kidogo, zenye injini tatu na marubani wawili bila mhandisi, na miaka ya 1990 ikaziondoa 747 kwenye kundi lake. Kifurushi chake cha kawaida kilikuwa na kikomo cha pauni 150, kama kilo 68. Mtu mmoja mwenye toroli anakipandisha, na hakihitaji pua ya ndege inayofunguka.